Sindano za homoni ya ukuaji: namna ya kujua kama mtoto anaitikia

Kujua kama homoni ya ukuaji inamfaa mtoto ni kazi inayoanza kabla ya sindano ya kwanza. Nawaambia wazazi hivyo siku tunayokutana, na wengi hunitazama kwa mshangao, maana wamekuja na haraka: mtoto anaitwa majina shuleni, anasimama mbele kabisa kwenye mstari wa paredi, mdogo wake ameshampita. Haraka hiyo naielewa. Lakini mtoto akianza dawa bila mtu kujua alikuwa akikua sentimita ngapi kwa mwaka, baada ya miezi kumi na miwili hakuna atakayeweza kusema kama ni dawa iliyomkuza au angekua vivyo hivyo bila hiyo. Na dawa yenyewe ni ghali, huchomwa kwa miaka, na maumivu ni ya mtoto.

Naandika nikiwa muuguzi ambaye sehemu kubwa ya kazi yake ni kupima urefu. Haya ni kwa mzazi ambaye mwanawe ameshaandikiwa homoni, na kwa wenzangu wa hospitali za wilaya wanaomfuatilia mtoto kati ya safari moja ya rufaa na nyingine. Kupandisha dozi, kuishusha au kusimamisha dawa ni uamuzi wa daktari wa homoni za watoto. Sisi tunampelekea namba anazoweza kuziamini.

Kabla ya yote: je, ni mtoto wa dawa hii?

Watoto wafupi kwetu ni wengi, na wengi wao hawahitaji homoni. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kenya, mwaka huohuo, ni asilimia 18. Nyuma ya udumavu huo kuna lishe duni na maradhi ya mara kwa mara, mengine yakianzia tumboni mwa mama. Mtoto mwenye utapiamlo kwa kawaida ana homoni ya ukuaji ya kutosha mwilini, hata ya kuzidi. Kinachokosekana ni chakula cha kuliwezesha ini litengeneze IGF-1, kile kijumbe kinachoiambia mifupa irefuke. Kumchoma sindano mtoto wa namna hiyo ni kuteka maji kwa pakacha.

Wanaopewa ni wale ambao tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, haitoi homoni ya kutosha, wasichana wenye hali ya Turner (waliozaliwa na upungufu katika kromosomu ya X), waliozaliwa wadogo kuliko umri wa mimba na wasiwafikie wenzao baadaye, wenye hali ya Prader-Willi (ya kuzaliwa nayo, inayoleta misuli legevu na njaa isiyoisha), wenye ugonjwa sugu wa figo, na wengine wachache. Andika jina la tatizo juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari la mtoto, kwa sababu matarajio hutegemea hilo. Lionel Messi, ambaye kila mtoto kliniki anamjua, alikuwa wa kundi la kwanza: alichomwa sindano hizi tangu utotoni Argentina, akaendelea Barcelona alikohamia mwaka 2000 akiwa na miaka 13. Nikimtaja, mtoto aliyekuwa analia mara nyingi hunyoosha paja mwenyewe.

Hatua ya 1: Kusanya mwaka wa kabla

Toa kadi ya kliniki ya mtoto, hata kama imechakaa. Nakili kila urefu ulioandikwa pamoja na tarehe yake, pamoja na uzito wa kuzaliwa na wiki za mimba. Kisha pata angalau vipimo viwili vya karibuni, vilivyopishana miezi sita au zaidi, vizuri zaidi kumi na miwili, kwa kifaa kilekile. Wapo wasiosubirishwa, kwa mfano kichanga ambaye sukari yake inashuka kwa sababu ya upungufu wa homoni. Huyo anaanza mara moja.

Wapime na wazazi. Usiwaulize urefu wao, wapime, maana akina baba hujiongezea. Jumlisha urefu wa baba na wa mama. Kwa mtoto wa kiume ongeza 13, kwa wa kike toa 13, kisha gawa kwa mbili. Baba wa sentimita 170 na mama wa 158 wanatarajiwa kupata mwana wa 170.5 au binti wa 157.5, na kupungua au kuzidi kwa sentimita 8.5 hivi ni kawaida tu. Hapo ndipo utajua kama unamlinganisha mtoto na ukoo wake au na ndoto.

Daktari ataongeza picha ya eksirei ya kiganja na kifundo cha mkono wa kushoto kuonyesha umri wa mifupa (yaani imekomaa kama ya mtoto wa miaka mingapi), IGF-1 ya damu, kipimo cha tezi dundumio, ile ya shingoni, na hatua ya balehe. Hakikisha majibu yote yanaingia kwenye daftari na tarehe zake.

Hatua ya 2: Pima kama seremala

Hapa ndipo makosa mengi yanapotokea, na hapa ndipo ninapokuwa mkali.

Kifaa kiwe ubao wa kupimia uliosimama wima, wenye kipande cha juu kinachoteleza na kukaa kwa pembe mraba juu ya kichwa. Utepe wa fundi cherehani uliobandikwa ukutani haufai, wala fimbo ile ya kwenye mizani inayoyumba. Kila asubuhi hakiki ubao wako kwa fimbo ya urefu unaojulikana, tuseme sentimita 100 kamili. Ukisoma 100.4, ubao umesogea.

Mtoto avue viatu na soksi nene. Visigino, makalio na mabega viguse ubao, magoti yanyooke, miguu iwe bapa sakafuni. Mstari wa kutoka tundu la sikio hadi ukingo wa chini wa tundu la jicho uwe sambamba na sakafu. Watoto hupenda kuinua kidevu wakidhani wanarefuka. Shika taya kwa upole, mwambie avute pumzi, teremsha kipande, soma. Mtoe kwenye ubao, mrudishe, pima tena. Mara tatu. Vipimo vikipishana zaidi ya nusu sentimita, anza upya. Andika wastani hadi milimita: 107.2, si "107 na kidogo".

Nywele nazo. Niliwahi kupokea binti wa kliniki nyingine ambaye daftari lake lilisema 113.4. Mimi nilipompima, baada ya miezi minne ya sindano kila usiku, nilipata 112.1. Mama yake aliketi akanyamaza, macho yamejaa. Nikamuuliza binti siku ile alikuwa amesukwa vipi. Akaonyesha kwa mkono utosini: nywele zote zilivutwa juu na kufungwa fundo la unene wa vidole viwili. Hakuwa amepungua, alikuwa amepimwa fundo. Tangu hapo naandika pembeni ya kila kipimo: "nywele zimefumuliwa", na mzazi namwomba amlete mtoto akiwa na nywele za kulala chini siku ya kliniki.

Saa nayo ina neno. Uti wa mgongo hujibana mchana kutwa, na mtoto anaweza kuwa mfupi jioni kwa karibu sentimita moja kuliko alivyoamka. Ukimpima saa tatu asubuhi mara hii na saa kumi jioni mara ijayo, umekula ukuaji wa miezi miwili. Chagua saa moja, na ikiwezekana mpimaji awe yuleyule.

Hatua ya 3: Hesabu kasi, na usihesabu mapema

Kasi ni sentimita zilizoongezeka, gawa kwa idadi ya siku, zidisha kwa 365. Tuchukue mvulana wa mfano. Tarehe 12 Machi 2023 alikuwa 103.6. Tarehe 10 Machi 2024, akitimiza miaka saba, alikuwa 107.2. Zimepita siku 364, kasi yake ni sentimita 3.6 kwa mwaka. Mtoto kati ya miaka minne na balehe hukua sentimita 5 hadi 6 hivi, kwa hiyo huyu alikuwa anabaki nyuma. Akaanza sindano. Tarehe 17 Machi 2025 alikuwa 116.1. Ameongeza 8.9 kwa siku 372, ambayo ni sawa na 8.7 kwa mwaka.

Mzazi hutamani jibu baada ya miezi mitatu. Mpime, ndiyo, lakini usigeuze miezi mitatu kuwa mwaka. Mtoto wa kawaida katika muda huo hukua sentimita 1.5 tu. Ukikosea milimita tatu kipimo cha kwanza na tatu upande wa pili kipimo cha mwisho, una kosa la 0.6; ukizidisha kwa nne linakuwa 2.4. Kosa hilo linatosha kumfanya asiyeitikia aonekane shujaa, au anayeitikia aonekane hana matumaini. Miezi sita hutoa dalili. Hukumu ni ya miezi kumi na miwili.

Hatua ya 4: Mweke kwenye chati

Kwa walio chini ya miaka mitano kuna chati za Shirika la Afya Duniani za 2006, zilizotengenezwa kutokana na watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Kwa miaka 5 hadi 19 kuna za 2007. Kwa wasichana wa Turner daktari huweka pia chati yao maalumu. Ukianza na chati moja, kaa nayo. Kuhama chati katikati ya matibabu kunaweza kumpa mtoto ukuaji wa karatasi.

Kipimo kinachosema kweli hapa ni umbali wa mtoto kutoka wastani wa umri wake, kwa kizio cha mkengeuko sanifu ambacho kliniki nyingi huandika SD, kinachoonyesha watoto wa umri mmoja hupishana kiasi gani kwa kawaida. Mvulana wetu: kwa miaka saba wastani wa wavulana ni 121.7, na SD moja ni kama sentimita 5.3. Yeye alikuwa chini ya wastani kwa 14.5, yaani −2.7. Kwa miaka minane wastani ni 127.3 na SD ni kama 5.6. Yuko chini kwa 11.2, yaani −2.0. Amepanda 0.7 kwa mwaka mmoja.

Tazama jambo hili kwa makini, maana ndilo linalowavunja moyo wazazi. Mtoto huyu bado ni mfupi kuliko karibu darasa lake lote. Shangazi akija kwa Krismasi au Idi atasema, "Mbona bado mdogo?" Hata hivyo dawa inafanya kazi vizuri sana. Wenzake nao wanakua. Yeye anawakimbilia huku wanatembea. Mzazi anayemtazama mtoto kando ya watoto wa jirani hataliona hilo. Ataliona kwenye mstari wa chati, unaoacha kulala na kuanza kupanda kuvuka mistari iliyochapishwa.

Hatua ya 5: Pima jibu lenyewe

Hakuna mpaka mmoja ambao madaktari wote wanakubaliana, ila vigezo vinavyotumika sana mwaka wa kwanza vinakaribiana. Mwitikio huhesabiwa dhaifu ikiwa kasi haikupanda kwa sentimita 3 juu ya ile ya awali, au ikiwa mtoto amepanda chini ya 0.3 SD, wengine husema 0.5 kwa mwenye upungufu halisi wa homoni. Uingereza, mwongozo wa 2010 wa NICE, taasisi inayoshauri matibabu yapi yatolewe na huduma ya afya ya umma, unataka dawa isimamishwe kama kasi ya mwaka wa kwanza haikuongezeka kwa angalau asilimia 50.

Mvulana wetu alitoka 3.6 akafika 8.7: nyongeza ya 5.1, zaidi ya mara mbili. Hana shaka. Sasa fikiria mwingine aliyekuwa anakua 4.5 na baada ya mwaka wa sindano amekua 5.8. Kwa macho 5.8 ni ukuaji wa kawaida na nyumbani wanafurahi. Nyongeza yake ni 1.3 tu, chini ya asilimia 30. Bila mwaka wa kabla, huyu angeendelea kuchomwa miaka mingine mitatu kwa sifa ambayo dawa haikustahili.

Usiwapime wote kwa mizani moja. Mwenye upungufu mkubwa wa homoni, aliyeanza mdogo na aliye mbali na urefu wa wazazi wake, huruka. Sentimita 8 hadi 12 mwaka wa kwanza si ajabu. Msichana wa Turner huitikia kwa unyenyekevu zaidi hata kwa dozi kubwa zaidi, na aliyeanza karibu na balehe hupata kidogo kuliko aliyeanza na miaka mitano.

Hatua ya 6: Mwitikio ukiwa mdogo, tafuta kwa mpangilio

Kabla ya kuilaumu dawa, anza na je, dawa inaingia mwilini?

Usiulize, "Mnachoma kila siku?" Kila mtu atajibu ndiyo. Uliza, "Wiki iliyopita ni usiku upi ulikuwa mgumu?" Hapo utasikia habari za msiba kijijini, umeme uliokatika, mtoto aliyelala kwa bibi, kijana aliyechoka kuwa tofauti na wenzake. Pokea bila kukaripia. Mzazi akikaripiwa leo, mwezi ujao atakudanganya.

Kisha hesabu katriji tupu, yaani vichupa vya dawa vinavyowekwa ndani ya kalamu ya kuchomea. Mtoto wa kilo 20 anayepewa miligramu 0.03 kwa kila kilo anahitaji 0.6 kila usiku. Katriji ya miligramu 10 inamtosha siku 16. Kwa siku 90 lazima awe amemaliza tano na kufungua ya sita. Akija na nne tupu na hakuna ya tano iliyoanza, zaidi ya siku ishirini zimepotea, na sasa una jambo la kuzungumza naye kwa upole.

Mwambie akuchomee mbele yako. Utaona mengi: anachomoa sindano kabla ya kuhesabu hadi kumi na tone linabaki juu ya ngozi, anachoma palepale kila siku mpaka pamefanya kivimbe kinachochelewesha dawa, dozi kwenye kalamu ni ya alipokuwa na kilo 16. Uliza pia kuhusu friji. Dawa hukaa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8 na ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka na kuonekana safi, kwa hiyo isiegemee ukuta wa barafu. Zipo aina zinazovumilia nje ya friji kwa wiki kadhaa, lakini mpaka wake mara nyingi ni nyuzi 25, na chumba cha Dar es Salaam mwezi Januari hupita hapo. Soma karatasi ya ndani ya boksi lako.

Njia ya dawa ikiwa safi, tazama mwili. Homoni ya ukuaji inaweza kufichua upungufu wa homoni ya tezi dundumio uliokuwa umejificha, na tezi ikilala mtoto hakui hata ukimchoma vipi. Kipimo chake kirudiwe. Chunguza lishe, upungufu wa damu, selimundu, virusi vya UKIMWI, figo, kuharisha kusikoisha, na dawa jamii ya prednisoloni anazopewa kwa pumu au ngozi, ambazo hubana ukuaji waziwazi.

Halafu soma IGF-1. Ikiwa chini, mara nyingi dawa haiingii, imeharibika, ni ndogo, au mtoto hali vya kutosha. Ikiwa nzuri na mtoto hakui, rudini kwenye utambuzi wenyewe, maana pengine tatizo liko kwenye mifupa. Ikiwa juu mno, zaidi ya +2 SD, daktari atafikiria kupunguza dozi hata kama mtoto anakua vizuri. Kwa sindano mpya za mara moja kwa wiki, IGF-1 hupanda na kushuka kati ya sindano mbili. Andika damu ilitolewa siku ya ngapi, la sivyo namba haina maana.

Mtego wa balehe

Mvulana wa miaka 12 akiruka kutoka 5 hadi 9 kwa mwaka, usikimbilie kuishangilia sindano. Balehe yenyewe huleta kasi hiyo. Angalia matiti kwa msichana na ukubwa wa korodani kwa mvulana kila ziara, na linganisha umri wa mifupa wa mwaka jana na wa mwaka huu. Mifupa ikizeeka miaka miwili ndani ya mwaka mmoja, sentimita alizopata zimekopwa kutoka urefu wake wa ukubwani.

Dalili za kumrudisha hospitali mara moja

Kichwa kinachouma sana pamoja na kutapika au kuona ukungu. Kuchechemea, au maumivu ya nyonga au goti, kwani kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kuteleza kwenye nyonga. Mgongo unaopinda. Kiu na kukojoa kupita kawaida. Haya si ya kusubiri tarehe ya kliniki.

Miaka inayofuata

Mwaka wa pili kasi itashuka. Aliyekua 8.7 anaweza kukua 7, kisha 6.5. Hiyo ni kawaida ya dawa hii, na wazazi waambiwe mapema ili wasidhani wameuziwa maji. Kuanzia hapo swali ni kama mtoto bado anapanda SD kuelekea njia ya wazazi wake, au akishaifikia, kama anaishikilia. Pima kila miezi mitatu hadi sita, rekebisha dozi kwa uzito, rudia IGF-1 angalau mara moja kwa mwaka. Kwa anayeishi mbali, daftari lililoandikwa vizuri ndilo linalosafiri badala yake. Tangu 2008 kuna kituo Nairobi kinachofundisha madaktari wa homoni za watoto kutoka nchi nyingi za Afrika, na daktari wa namna hiyo akipata namba safi anaweza kushauri hata kwa simu.

Kasi ikishuka chini ya sentimita 2 kwa mwaka, umri wa mifupa ukiwa karibu 14 kwa msichana au 16 kwa mvulana, kazi ya kurefusha imekwisha. Aliyekuwa na upungufu wa homoni huacha sindano kwa mwezi mmoja au zaidi kisha hupimwa upya, kwa sababu baadhi yao, hasa ambao chanzo hakikupatikana, tezi yao huonekana inatosha ukubwani na hawahitaji tena. Wale ambao bado wanahitaji huendelea na dozi ndogo kwa ajili ya misuli, mifupa na moyo, na hapo ubao wa urefu hautumiki tena kuwapima.